Njoo na Boksi Lenyewe

Haya ndiyo niliyoyasema kwenye mkutano wetu wa afya ya kinywa. Waliokosa nafasi ya kufika wameomba maneno yote, nami nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziacha. Zilikuwa picha za fizi zilizoungua, na hamjapungukiwa na chochote kwa kutoziona.

Ndugu zangu, mabibi na mabwana, wazee wangu mlioketi hapa mbele, nawasalimu.

Naomba nianze na swali, na tafadhali msinijibu kwa sauti. Ni nani hapa amewahi kununua kitu cha kung'arisha meno, iwe ni jeli, vibandiko, unga mweusi wa mkaa, au kile kitaa cha buluu cha kung'ata, akakitumia usiku chumbani mlango umefungwa, halafu siku ya kwenda kwa daktari wa meno asikitaje hata kidogo?

Naona watu wanatazama viatu vyao. Basi nimefika mahali pake.

Sikuja kuwakataza. Mtu kutaka meno meupe si dhambi wala si upuuzi. Kuna watu wanaocheka wakiwa wameziba mdomo kwa kiganja, na mimi nimewaona siku walipouondoa mkono huo. Ni jambo kubwa. Nimekuja kuomba kitu kimoja tu: kabla hujafungua boksi, zungumza na daktari wako wa meno. Na kama umeshalifungua, zungumza naye vilevile.

Nitaanza kwa kujisema mwenyewe, maana mwenye kusema wengine aanze na lake.

Nilikuwa mwanafunzi wa udaktari wa meno, mwaka wa tatu, kichwa kimejaa majina ya Kilatini. Kulikuwa na sherehe inakuja, na picha za kupigwa. Nikanunua vibandiko. Maelezo yalisema dakika 30. Mimi nikajiambia, dakika 30 ni za watu ambao hawana haraka. Nikavibandika, nikalala navyo. Alfajiri niliamka mdomo unawaka. Ufizi wa juu ulikuwa mweupe kama karatasi, na hewa tu ikipita kwenye meno nilikuwa nashtuka kama niliyepigwa shoti.

Nikaenda kwa mmoja wa walimu wangu. Akaniuliza, "Imekuwaje?" Nikamjibu, "Nimekunywa chai ya moto, mwalimu." Akawasha taa, akainama, akatazama kimya. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Chai hiyo uliinywa kwa rula?"

Kwa sababu alama ilikuwa imenyooka! Ilianza pale kibandiko kilipoanza na kuishia pale kibandiko kilipoishia. Chai gani inachora mstari?

Ufizi ulipona baada ya siku chache, meno nayo yakatulia. Lakini fikirini kidogo. Mimi niliyekuwa nasomea kazi hiyohiyo, ninayejua majina ya kila tundu la kinywa, nilimdanganya daktari kwa ajili ya vibandiko. Je, atafanyaje mtu ambaye hajui lolote, na anaogopa kufokewa? Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mwalimu wangu angeniamini, angenipa ushauri wa chai. Ningerudi nyumbani, ningebandika tena.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Kwa nini daktari? Kwa nini usisome tu maelezo ya kwenye boksi?

Kwa sababu boksi halijakuona. Boksi linajua litafanya nini. Halijui jino lako limebadilika rangi kwa nini. Na hilo ndilo swali la kwanza, ndugu zangu. Kabla ya kuuliza nitaifutaje rangi hii, uliza imetoka wapi.

Jino lina tabaka. La nje ni enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini, karibu 96% ya uzito wake ni madini. Chini yake kuna dentini, ambayo kwa asili yake ina umanjano. Katikati kabisa kuna kiini, chenye mishipa ya damu na neva. Enameli inapitisha mwanga, kwa hiyo ile rangi unayoiona kwenye kioo asubuhi, sehemu kubwa ni rangi ya dentini inayoonekana kwa nyuma, kama ukuta unavyoonekana nyuma ya pazia jepesi. Umri ukisonga, pazia linaliwa polepole, na umanjano unajitokeza. Babu ambaye hajawahi kugusa sigara maishani bado atakuwa na meno ya manjano kuliko ya mjukuu wake. Huo si uchafu. Huo ni umri.

Halafu kuna madoa ya juu: chai, kahawa, tumbaku. Kuna dawa za kusukutua zenye klorheksidini, ambazo ni dawa nzuri kabisa ya fizi lakini ukizitumia kwa muda zinaacha rangi ya kahawia. Kuna ugaga ulioganda. Haya mara nyingi yanaondoka kwa kusafishwa tu pale kwenye kiti cha daktari, bila kemikali yoyote ya kung'arisha. Nimewahi kumsafisha mtu aliyekuja na boksi mkononi, akajitazama kwenye kioo, akaliweka boksi mezani kwangu na kuniuliza kama namjua mtu anayelihitaji.

Na kuna rangi zilizoingia ndani ya jino wakati lilipokuwa likijengwa. Mtoto aliyepewa tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, kabla hajatimiza miaka 8, au mama aliyeitumia akiwa mjamzito, meno yanaweza kutoka na mistari ya kijivu au kahawia. Aliyekunywa maji yenye floraidi nyingi mno utotoni anaweza kuwa na madoadoa meupe au ya kahawia. Kijivu cha tetrasaiklini ni kikaidi. Kinaweza kudai miezi ya kung'arisha kila usiku chini ya uangalizi, na bado kisiishe chote. Hayo madoadoa meupe nayo yanaweza kung'aa zaidi mwanzoni, mtu akadhani ameharibikiwa. Boksi la wiki mbili limekueleza hayo?

Lakini rangi inayonitisha mimi ni ile ya jino moja. Rudieni nami: jino moja. Meno yote yakiwa manjano, hiyo ni hadithi. Jino moja likiwa jeusi katikati ya wenzake, hiyo ni hadithi nyingine kabisa.

Alikuja kwangu kijana mmoja, nitamwita Bwana Harusi kwa kuwa alikuwa karibu kuoa. Jino lake moja la mbele lilikuwa na kijivu. Alikuwa ametumia vibandiko boksi mbili. Matokeo? Meno mengine yote yalikuwa yameng'aa vizuri sana, na lile moja likabaki vilevile, kwa hiyo sasa lilionekana jeusi mara mbili. Alikasirika, alitaka nimpe dawa kali zaidi. Nikamuuliza, "Umewahi kuanguka?" Akasema hapana. Nikamwambia tupige eksirei. Tukiwa tunaisubiri, akacheka peke yake, akasema, "Daktari, labda ile baiskeli." Ile baiskeli ilikuwa ya miaka kumi nyuma.

Jino lilikuwa limekufa siku nyingi. Kiini chake kilioza kimyakimya baada ya kugongwa, na kwenye ncha ya mzizi palikuwa na kivuli cha maambukizi kinachoula mfupa. Halikuwa linauma. Ishara pekee aliyokuwa nayo ilikuwa rangi, na yeye alikuwa anaihangaikia rangi hiyo kwa pesa yake ili iondoke! Tulitibu mzizi, kisha tukaling'arisha jino kwa ndani, kwa sababu jino la namna hiyo dawa huwekwa ndani yake. Harusi ilifanyika. Picha nimeonyeshwa.

Je, kama vibandiko vingefanya kazi? Kama lile jino lingekubali kuwa jeupe? Angekuja kwangu lini?

Tuendelee. Kuna nini ndani ya boksi?

Kwenye jeli na vibandiko, mara nyingi kazi inafanywa na peroksaidi. Hidrojeni peroksaidi inavunjika na kutoa oksijeni yenye fujo, inapenya enameli, inafika kwenye dentini na kuzikatakata zile molekuli zenye rangi. Na haiishii hapo. Ndani ya dakika chache inaweza kufika hadi kwenye kiini. Ndiyo maana meno yanakufa ganzi ukinywa kitu cha baridi. Kwa jino zima, ganzi hiyo kwa kawaida hupita baada ya siku chache. Kwa jino lenye tundu au ufa, mlango uko wazi, dawa inaingia bila kubisha hodi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta ni matibabu ya mzizi.

Wengine hawajui kwamba njia hii ilianzia kwenye macho ya daktari. Miaka ya 1960, huko Arkansas nchini Marekani, daktari mmoja wa kupanga meno alikuwa akiwapa wagonjwa dawa ya fizi yenye peroksaidi waiweke kwenye trei za mdomoni. Fizi zilipona, naye akaona meno pia yamekuwa meupe. Hakuwa anatafuta weupe. Mwaka 1989, Van Haywood na Harald Heymann waliichapisha njia hiyo rasmi: jeli ya 10% ya kabamaidi peroksaidi, aina mojawapo ya peroksaidi, trei iliyotengenezwa kwa umbo la meno ya mtu mwenyewe, usiku, chini ya uangalizi. Ile trei ya duka, ambayo imeumbwa kwa ajili ya kila mtu, haikai sawa kwenye mdomo wa mtu yeyote. Jeli inavuja, inaunguza ufizi.

Sasa namba, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu watu wengi wanapotea hapa. Boksi moja limeandikwa 16%, lingine 6%. Lipi kali zaidi? Nyote mnasema 16. Ngojeni. Tazameni jina lililo mbele ya namba. Kabamaidi peroksaidi si sawa na hidrojeni peroksaidi. Ile ya kwanza inatoa takriban theluthi moja tu ya ile ya pili. Kabamaidi ya 10% ni kama hidrojeni ya 3.5%. Kwa hiyo ile 16 na ile 6 ni karibu ndugu mapacha. Mtu anaogopa moja, anaikimbilia nyingine, na zote ni zilezile.

Na sheria nazo hazifanani. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu agizo la mwaka 2011, kitu chenye hidrojeni peroksaidi zaidi ya 0.1% hakiruhusiwi kuuzwa moja kwa moja kwa mwananchi. Kati ya 0.1% na 6% kinauzwa kwa madaktari wa meno peke yao, matumizi ya kwanza ya kila mzunguko yawe chini yao, na si kwa aliye chini ya miaka 18. Ukienda Marekani, vibandiko vyenye nguvu kuliko hivyo viko kwenye rafu ya duka. Sasa wewe umeagiza kwenye mtandao boksi ambalo hujui limetoka upande gani. Unajua limebeba nini?

Kile kitaa cha buluu nitakipita haraka. Kinapendeza kwenye video. Ushahidi kwamba kinaongeza weupe unaodumu ni hafifu. Basi.

Kwenye vitu vya kusugua nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapojiona salama. "Mimi situmii kemikali, daktari, natumia mkaa tu. Natumia limau tu." Tu! Zamani huko Ulaya, vinyozi ndio walikuwa mafundi wa meno. Walikuwa wakiyasaga meno kwa tupa, kisha wanapaka asidi ya nitriki. Meno yaling'aa kweli. Wateja waliondoka wanatabasamu. Baada ya muda meno yaleyale yakaoza, kwa kuwa enameli ilikuwa imeachwa kwenye sakafu ya kinyozi. Sasa niambieni, mtu anayesugua unga wa mkaa asubuhi na kupaka limau jioni, amemzidi nini yule kinyozi? Mkaa ndio tupa. Limau ndiyo asidi. Enameli huanza kuyeyuka pH, yaani kipimo cha asidi ambacho kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyokuwa kali, ikishuka hadi 5.5 hivi, na maji ya limau yako karibu na 2.

Mwaka 2017 jarida la Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani lilichapisha mapitio ya tafiti kuhusu dawa za meno zenye mkaa. Hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba zinafanya kazi, wala kwamba ni salama. Na kumbukeni lile pazia. Enameli haina chembe hai za kuijenga upya. Ukiisugua ikapungua, kinachojitokeza ni dentini ya manjano. Yaani mtu anasugua ili awe mweupe, anazidi kuwa wa manjano, anaongeza kusugua. Nimemwona mama mmoja aliyefika kwangu mswaki wake umelala chali kama nyasi zilizokanyagwa, meno yake yamechimbika shingoni karibu na fizi, ananiambia, "Daktari, kadiri ninavyojitahidi ndivyo yanavyochafuka." Hakuwa mchafu hata kidogo. Alikuwa amejitahidi mno.

Hata dawa za meno za kung'arisha zinapishana kwa ukali wa kusugua. Kipimo kipo, kiwango cha kimataifa kinaweka ukomo wa 250, lakini namba hiyo ni nadra kuikuta kwenye bomba la dawa. Muulize daktari. Na nyingine zina rangi ya buluu kidogo, inayobaki juu ya jino na kulidanganya jicho lione weupe. Haina madhara, lakini ni kiini macho.

Jambo la mwisho kabla ya kuwapa nafasi. Dawa hizi zote haziling'arishi jino ambalo si jino. Kofia inayovikwa jino, daraja la meno bandia, vinia, yaani ganda jembamba linalobandikwa mbele ya jino, meno yaliyozibwa kwa kijazo cha rangi ya jino: hakuna kinachobadilika. Kuna dada alikuwa na kofia kwenye jino la mbele, imelinganishwa na meno yake kwa ustadi, huwezi kuitambua. Akang'arisha. Meno yakapanda, kofia ikabaki chini. Kila mtu sasa aliiona. Akaniomba niing'arishe kofia. Haiwezekani, ikabidi itengenezwe mpya, kwa gharama iliyozidi mbali ile ya boksi. Jino la pembe si dawa ya pengo, wazee walisema, na mimi naongeza kwamba jino la pembe halisikii jeli.

Angeniuliza kabla, ningemwambia apange mambo kwa zamu: kuoza kutibiwe kwanza, kisha kung'arisha, kisha tusubiri wiki mbili hivi ili rangi itulie na peroksaidi iishe kwenye jino, maana ikiwepo hata kijazo kipya hakishiki vizuri. Halafu ndipo tulinganishe kofia na meno. Kazi ileile, pesa mara moja.

Sasa, mazungumzo yenyewe yanakuwaje? Ni dakika kumi. Chukua boksi, usichukue picha ya tangazo. Liweke mezani. Sema, "Daktari, nataka kutumia hiki." Na kama ni, "Daktari, nimeshatumia," sema hivyohivyo. Mweleze kama meno yanakufa ganzi, kama uliwahi kuanguka, ni dawa gani ulizopewa utotoni kama mzazi wako anakumbuka, na kama una mimba au unanyonyesha, kwa sababu hapo wengi wetu tutakuambia subiri. Kisha nawe uulize. Rangi yangu inatokana na nini? Nikitumia hiki nitafika wapi, nikiacha itarudi? Itarudi, kidogo kidogo, hasa kama chai na sigara hazijaondoka. Nikiona ganzi nifanye nini? Mara nyingi atakuambia ruka siku moja au mbili, tumia dawa ya meno yenye potasiamu naitreti au floraidi. Na huenda akakuambia, "Hiki ni sawa, endelea." Nimesema hivyo mara nyingi. Watu hushangaa.

Na wenzangu madaktari mlioko hapa, sitawaacha salama. Kwa nini watu wanatuficha? Kwa sababu tukisikia neno "vibandiko" tunakunja uso. Kwa sababu wengine wetu tunamjibu mgonjwa kwa kumtajia bei ya huduma yetu kabla hatujamfungua mdomo. Mtu akiona hivyo atasema nini? Atasema, huyu anashindana na duka. Mwalimu wangu hakunifokea siku ile. Aliuliza habari ya rula, akacheka, nami nikacheka kwa maumivu, kisha nikasema kweli. Ningefokewa ningeshikilia chai yangu hadi leo.

Mwaliko wa mkutano huu uliwaomba mje na mlivyonavyo nyumbani. Nimeona mifuko kadhaa ikisukumwa chini ya viti tangu nilipoanza kuzungumza. Meza iko hapa, taa iko hapa, na wenzangu wawili wamebaki kunisaidia kusoma maandishi madogo. Dada uliyekaa karibu na mlango, wa mfuko wa bluu, njoo. Tuanze na wewe.